Kipimo Kilifika Jumanne

Kipimo kilifika Jumanne.
Usaili ulikuwa Jumamosi.

Dereva alikileta bila kuzima gari,
karatasi imekunjwa mara nne kama barua ya posa:
kifua thelathini na mbili, kiuno ishirini na nne,
bega hadi sakafu, na chini yake kwa wino mwekundu,
*Gauni la mshindi. Lisichelewe.*

Mimi ni fundi. Fundi haulizi.
Hapa Majengo upepo wa Agosti haujui mkubwa,
unatia vumbi hata kwenye hariri;
nikakifunika kitambaa kwa shuka langu la kulalia.

Alhamisi akaja Sechelela wa Chang'ombe
na gauni la kuazima kwa dada wa kwaya.
"Mama Nyemo, nipunguzie hapa ubavuni.
Nitakulipa nikishinda."

Akanionyesha mwendo wake kati ya vibanda.
Wauza mchele wakasahau mizani mikononi.
Anasema alijifunzia juu ya reli ya zamani,
mguu mbele ya mguu, chuma kimoja,
mpaka treni ya mizigo impigie honi ashuke.
Na nyuma yangu gauni la mshindi linaning'inia
ndani ya shuka, kama mtu aliyejibanza akisikiliza.

Nikampunguzia ubavuni.
Sikumwambia.
Sikumtoza pia,
nikaona nimelipa.

Jumamosi sikwenda. Nilisikia redioni.
Mtangazaji ndiye baba mtu,
akaliita jina la bintiye kwa mshangao,
mshangao safi, wa mtu aliyeizoea kazi.
"Kipaji," akasema, "kiko kwenye damu."

Damu!
Mimi sindano hunidunga kila siku, damu naijua.
Inachafua kitambaa cheupe, basi.
Sijaiona ikitembea.

Sasa bango lake liko barabara ya kwenda Mtumba,
refu kuliko nyumba yangu,
ameshika kichala cha zabibu
kama mtu aliyeshika kipaza sauti.

Lakini ngoja nimalize, maana nusu ya ukweli
ni nguo ya upande mmoja.
Kibanda hiki ni cha marehemu mama.
Cherehani hii, yake; wateja, wake,
hata mkasi bado una alama ya kidole chake gumba.
Mwaka juzi alikuja binti kutoka Bahi,
vidole vyepesi, akashona tundu la kifungo
mbele ya macho yangu nikaona wivu.
Aliomba kigoda tu, pale mlangoni, ajifunze.
Nikamwambia nafasi hakuna.
Jumatatu iliyofuata nikamkalisha Yoramu, mtoto wa dada,
ambaye hadi leo anakushonea suruali
yenye miguu miwili ya kushoto.

Sisi huku chini hatukuiita kwa jina baya.
Tuliita kushikana mkono. Tuliita ukoo.
Tena nilimpigia dada simu jioni ile
nikangoja nishukuriwe.

Na huyo Kristabela mwenyewe nisimsingizie.
Ijumaa usiku alikuja kulijaribu gauni,
dereva nje, taa zinawaka ukutani.
Alivua viatu. Mabega yake yalikuwa ya baridi,
kama kifaranga kilichonyeshewa.
Lilimkaa. Lazima limkae,
lilimjua kabla hajaingia.

Nikapiga magoti kwenye pindo.
Akapiga hatua tatu, akageuka, akakanyaga hariri,
akajitazama kwenye kioo changu chenye ufa
akaona nusu mbili zisizokutana.
Kisha akauliza, polepole, asisikie dereva:

"Fundi, hivi mimi natembea vizuri?
Nyumbani wote wanasema ndiyo."

Nilimtazama kutoka chini.
Mdomo wangu ulikuwa umejaa pini.